Kanisa la Mjini Linapokua, Mchungaji Anabaki na Kazi Gani?

Manung'uniko ya kwanza yaliyoandikwa kuhusu kanisa yalitokana na chakula. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba mjini Yerusalemu wanafunzi walizidi kuongezeka, na katika kuongezeka huko wajane waliosema Kiyunani wakawa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakubisha. Wala hawakushika vibaba wakaanza kugawa wenyewe. Waliwaambia watu wachague wanaume saba wenye sifa njema, wakabidhiwe kazi hiyo. Ukiyasoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, utaona yote ni ya Kiyunani. Upande uliolalamika ndio uliopewa funguo za ghala.

Mambo mengi yanayomsumbua mchungaji wa kanisa la mjini leo yamo katika mistari hiyo michache. Watu wameongezeka kuliko utaratibu uliopo, lugha ya mtu inaamua kama ataonekana au la, huduma iliyoanzishwa kwa nia njema imezua ugomvi, na viongozi hawana budi kuamua kipi wabaki nacho na kipi wakiachie. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi, na watu wa nje huliona mara chache. Kanisa likijaa, sifa huenda kwenye mahubiri. Kwa maoni yangu mahubiri mazuri humfikisha mtu mlangoni tu. Kinachomfanya abaki, na kinachofanya mtaa unaolizunguka kanisa uone faida ya kuwa na kanisa pale, ni yale ambayo mchungaji ameyaachia mikononi mwa wengine kabla hajachelewa.

Limekua kwa njia gani?

Donald McGavran, mmisionari aliyezaliwa India mwaka 1897 na ambaye maandishi yake ya miaka ya 1950 yalianzisha fani nzima ya kuchunguza ukuaji wa makanisa, alitenganisha njia tatu ambazo kanisa hupata watu. Kuna watoto wanaozaliwa na kulelewa humo. Kuna waumini wanaohamia kutoka makanisa mengine. Na kuna watu wanaoamini kwa mara ya kwanza. Hesabu ya Jumapili huwachanganya wote kwenye tarakimu moja, na tarakimu hiyo ndiyo inayotangazwa.

Mjini, njia ya pili ndiyo yenye hila. Anayehamia mjini kikazi na barua yake ya utambulisho kutoka kanisa la nyumbani anahitaji mahali pa kusali, na kumpokea ni wajibu. Lakini yupo pia aliyetoka kanisa la mtaa wa pili kwa sababu kwaya ya huku ni bora, vipaza sauti ni vipya na maegesho ni makubwa. Kanisa linaweza kuongezeka kwa watu elfu moja wa namna hiyo huku mji mzima ukiwa haujapata muumini mpya hata mmoja. Anayetaka kujua hali halisi afungue rejesta atazame safu mbili, watu wazima waliobatizwa mwaka huo na waliopokelewa kwa barua, kisha aulize swali ambalo rejesta nyingi hazina safu yake: waliotoka ni wangapi, na waliotoka kimya kimya ni wangapi? Makanisa mengi yanayovuma yana mlango mpana wa mbele na mlango mpana vilevile wa nyuma.

Hata hivyo mji una sababu zake za kujaza makanisa, na si zote ni za kibiashara. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, ilikuwa mnamo mwaka 2007 ambapo kwa mara ya kwanza wakazi wa mijini walizidi wa vijijini duniani. Mtu anayehamia mjini huwaacha nyuma wale ambao wangemlea mtoto wake akiugua, wangemdhamini akitafuta nyumba na wangesimama naye msibani. Kanisa likimpa watu wa kumjua kwa jina, limeziba pengo ambalo hakuna ofisi ya serikali inayoliziba. Ndiyo maana wageni wa mji huwa wepesi kujiunga katika mwaka wao wa kwanza kuliko wa kumi, wanapokuwa wameshapata marafiki na mazoea mengine.

Mji huohuo pia hutawanya watu. Mshirika anaishi upande mmoja, anafanya kazi upande mwingine, na zamu yake inaangukia Jumapili. Kanisa la Redeemed Christian Church of God, lililoanzia Lagos mwaka 1952, lilijibu tatizo hili kwa namna ya moja kwa moja: likajiwekea lengo la kuwa na parokia kila umbali wa dakika tano kwa miguu katika miji ya nchi zinazoendelea. Enoch Adeboye, aliyekuwa mhadhiri wa hisabati kabla ya kukabidhiwa uongozi mwaka 1981, alikuwa na njia rahisi zaidi ya kujijengea ukumbi mmoja mkubwa na kungoja watu wapande mabasi. Ukumbi mkubwa upo, tena mkubwa sana, lakini uzito wa kazi uko kwenye parokia ndogondogo zenye wachungaji wao.

McGavran alisema jambo jingine lililoleta mabishano ambayo hayajaisha: kwamba watu hupenda kuwa Wakristo bila kulazimika kuvuka mpaka wa lugha, kabila au tabaka. Kama maelezo ya tabia za watu, ni kweli tupu. Kanisa la lugha moja hujaa haraka. Likichukuliwa kama agizo, linakuwa na hatari, maana mjini watu wa lugha kumi huchota maji bomba moja, na kanisa la kundi moja litawaona wajane wake tu. Wachungaji wengi huamua katikati: ibada tofauti kwa lugha tofauti, lakini baraza moja la wazee na mfuko mmoja wa huduma. Ukitazama makanisa yaliyopasuka baadaye, mara nyingi ibada zilikuwa mbili na mifuko nayo ikawa miwili.

Mtu mmoja anafika wapi

Kanisa la watu 90 halihitaji utaratibu. Mama fulani akipoteza kazi Jumanne, mchungaji anajua Jumatano, kwa sababu mtu amemwambia mtu. Yeye ndiye anayefungua mlango wa kanisa, anayetembelea wodi, anayesuluhisha wanandoa na anayejua kwamba mzee wa safu ya tatu hapandi ngazi siku hizi. Anachoka, lakini anawajua wote.

Sasa fikiria kanisa hilohilo lina watu 400. Mama yule anapoteza kazi, anakosa Jumapili ya kwanza kwa aibu, ya pili kwa nauli, ya tatu kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wiki ya sita mchungaji anamkuta barabarani, anamsalimu kwa furaha na kumwambia "tunakuombea", huku akijaribu kukumbuka jina. Hapo hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni habari tu zilizokosa njia ya kupita. Wanaofuatilia maisha ya makanisa huweka ukomo wa mchungaji mmoja anayemjua kila mtu kati ya washirika 150 na 200, na wengi wenu mlio kwenye mabaraza ya wazee mmeuona ukomo huo bila kuupa namba: kanisa linapanda hadi hapo, linashuka, linapanda tena, linashuka.

Njia ya kuuvuka ni ya kale. Yethro alipomkuta mkwewe Musa akiamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, alimwambia wazi kwamba atajichosha yeye na watu wake, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Kila mchungaji ameihubiri habari hiyo. Kuifuata ni kazi nyingine.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Bristol, Uingereza, mwaka 1742, kwa sababu ulitokea karibu kwa bahati. Wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la mikutano. Katika kikao cha kulijadili, mmoja akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akasema wengi ni maskini, hawataweza. Ndipo aliyetoa hoja, nahodha aliyejulikana kama Kapteni Foy, akasema: nipeni mimi 11 walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila wiki, wakiwa nacho watatoa, wasipokuwa nacho nitawatolea. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Wale viongozi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya peni, waliona mambo ambayo Wesley mwenyewe asingeyaona: nani anapigwa nyumbani, nani amerudia ulevi, nani hana kuni. Wesley alitambua haraka kwamba mpango wa deni ulikuwa umempa kitu alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu. Vikundi vya watu wapatao 12 vikawa mhimili wa Wamethodisti kote.

Tazama yaliyomo humo. Ukusanyaji wa fedha, uangalizi wa roho na msaada kwa maskini vilikuwa ni ziara moja ya mtu mmoja aliyejua mlango wa kubisha. Makanisa ya leo huviweka katika idara tatu zenye wenyeviti watatu, halafu yanashangaa kwa nini idara ya huduma haijui ni nani mwenye shida.

Karne mbili baadaye, Seoul, Korea Kusini. David Yonggi Cho alianza na hema mwaka 1958 katika mtaa wa maskini, nchi ikiwa bado na majeraha ya vita. Kufikia mwaka 1964 washirika walikuwa wameshafika elfu kadhaa naye alikuwa akifanya karibu kila kitu mwenyewe, mpaka akaanguka kwa uchovu na kulala kitandani kwa muda mrefu. Akiwa hapo akairudia habari ya Yethro, akapendekeza kanisa ligawanywe katika vikundi vya nyumbani vyenye viongozi wake. Kwa maelezo yake mwenyewe, wanaume wa kanisa walisita. Wanawake ndio waliokubali. Katika jamii ambayo mwanamke hakutegemewa kufundisha mbele ya wanaume, jambo hilo lilileta minong'ono mingi. Vikundi vikaenea, na kanisa lake la Yoido likaja kutajwa kuwa lenye washirika wengi kuliko yote duniani, mamia ya maelfu.

Kuna gharama ambayo mafunzo ya vikundi vya nyumbani huipitia juujuu. Kiongozi wa kikundi anayewatembelea wagonjwa atapendwa kuliko mchungaji, na kwa haki. Watu watampigia simu yeye kwanza. Siku moja mchungaji atasikia jambo kubwa la mshirika wake kwa mtu wa tatu na moyo utamuuma. Wapo wanaoshindwa hapo. Wanaanza kuwahamisha viongozi kila mara wasizoee mahali, au wanadai kila taarifa ipite ofisini kwanza, na taratibu vikundi vinageuka kuwa vituo vya kusikiliza mahubiri ya Jumapili kwa mara ya pili. Hofu ya kanisa kupasuka si ya kubuni, imetokea mara nyingi. Ila kanisa lisilokuwa na kiongozi mwingine anayeweza kuondoka na watu ni kanisa lisilokuwa na kiongozi mwingine kabisa.

Huduma kwa jamii: chambo, sadaka au haki?

Swali la kwanza ambalo wazee wa kanisa huuliza kuhusu huduma kwa jamii, hata kama hawalitamki, ni kama italeta watu. Historia inatoa jibu lisiloridhisha upande wowote.

Tauni ilipoikumba Karthago mnamo mwaka 252, askofu Cyprian aliwahimiza Wakristo wawahudumie wagonjwa wote, wakiwemo wale ambao muda mfupi nyuma walikuwa wakiwatesa. Miaka mia moja na kidogo baadaye, kaizari Julian, aliyetaka kurudisha ibada za miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia. Akaamuru nyumba za wageni zijengwe na nafaka igawiwe. Mpango huo haukufika mbali; alikufa vitani mwaka 363. Lakini hata angeishi, alikuwa na nafaka bila kuwa na watu. Alichokuwa akikiona kwa Wakristo kilikuwa mazoea ya vizazi kadhaa ya kubisha hodi kwa mgonjwa, na mazoea hayaagizwi kwa barua.

Kwa hiyo ndiyo, huduma imewahi kuvuta watu, na kwa wingi. Ila ilivuta pale ilipokuwa haina ndoana. Wakazi wa mtaa hutambua chambo upesi kuliko wachungaji wanavyodhani. Dalili zake ni hizi: chakula hutolewa baada ya mahubiri na si kabla, kadi ya ushirika huulizwa mlangoni, na kamera hufika pamoja na magunia. Watu watakuja, watakula, wataimba, na mgao ukiisha wataondoka. Mchungaji atasema hawana shukrani.

Jambo jingine linalotatiza ni kwamba tunaita "huduma" kazi tatu zinazohitaji watu, fedha na ujasiri tofauti. Ipo ya kumpa mwenye njaa chakula leo. Ipo ya kumwezesha asiwe na njaa mwakani. Ipo ya kuhoji kwa nini mtaa mzima una njaa. William Booth, aliyeanza kuhubiri mashariki mwa London mwaka 1865 katika kazi iliyokuja kuitwa Jeshi la Wokovu mwaka 1878, alianza na supu na malazi. Kisha akaona wanawake wa viwanda vya viberiti wakioza mataya kwa moshi wa fosforasi iliyotumika wakati ule. Mwaka 1891 Jeshi lake likafungua kiwanda chake lenyewe, kikatumia fosforasi nyekundu isiyoleta ugonjwa huo, na kuwalipa wafanyakazi zaidi ya bei iliyozoeleka. Kiwanda hakikudumu, viberiti vyake vilikuwa ghali, kikafungwa mwaka 1901. Kibiashara kilishindwa. Kilichofanya ni kuwanyima wenye viwanda wengine kisingizio kwamba haiwezekani.

Mchungaji aliyezipitia kazi zote tatu kwa mpangilio, na ambaye ningependa asomwe zaidi, ni Leon Sullivan. Alichukua uchungaji wa kanisa la Zion Baptist, Philadelphia, mwaka 1950, katika eneo la mji lenye Wamarekani weusi wengi na ajira chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye na wachungaji wengine wapatao 400 waliwaomba washirika wao wasinunue bidhaa za kampuni zilizokataa kuajiri weusi kwenye nafasi za maana. Walichagua kampuni moja baada ya nyingine. Tangazo lilitoka mimbarini Jumapili, na wiki hiyohiyo mauzo yakashuka. Kampuni zikafungua milango, na nafasi zikapatikana kwa maelfu.

Hapo ndipo likatokea tatizo ambalo mwanaharakati wa kawaida angelikwepa: nafasi zilikuwepo lakini waombaji wengi hawakuwa wamewahi kupewa mafunzo ya kazi hizo. Sullivan hakuishia kulaumu. Mwaka 1964 alifungua kituo cha mafunzo ya ufundi katika jengo lililokuwa kituo cha polisi chenye mahabusu, likiwa limeachwa bila matumizi. Mpango huo, OIC (kifupi cha Opportunities Industrialization Center), ukaigwa katika miji mingine ya Marekani na baadaye katika nchi kadhaa za Afrika.

Kabla ya hapo, mwaka 1962, alikuwa ameshasimama kanisani na kuomba washirika wachache wajitolee kwenye mpango wa 10-36: dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Waliojiandikisha walizidi 200. Sehemu ya fedha iliingia kwenye mfuko wa hisani wa elimu na huduma, na sehemu nyingine ikaingia kwenye kampuni ambayo waliotoa walikuwa wanahisa wake. Fedha hizo zilichangia kujenga nyumba za kupangisha, na mwaka 1968 ukafunguliwa uwanja wa maduka uitwao Progress Plaza, ambao ulimilikiwa na watu wa mtaa huo.

Angalia alivyoitenga sadaka na hisa. Sadaka ni ya Mungu, mtoaji hadai kurudishiwa. Hisa ni ya mtoaji, ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Matapeli wengi wanaotumia madhabahu huishi kwenye ukungu uliopo kati ya hivyo viwili: wanachukua fedha kwa ahadi ya hisa, wakiulizwa wanajibu kwa lugha ya sadaka. Sullivan aliviwekea vyombo viwili vya kisheria tangu siku ya kwanza, na kila mtu alijua dola yake ya mwezi huu imeingia wapi.

Redeemer, kanisa la Kipresbiteri lililoanzishwa na Timothy Keller mjini New York mwaka 1989, lilifanya jambo linalofanana na hilo kwa njia yake. Mwaka 1992 lilianzisha shirika linalojitegemea, Hope for New York, la kupeleka fedha na watu wa kujitolea kwa mashirika yaliyokuwa tayari yakifanya kazi na maskini wa mji. Kanisa jipya halikujifanya linajua zaidi ya waliokuwepo kabla yake. Unyenyekevu wa namna hiyo ni adimu. Makanisa mengi hupenda kuwa na kituo chao cha watoto chenye bango lao, hata kama umbali wa nyumba tatu kuna kituo kinachofungwa kwa kukosa mlezi wa zamu ya usiku.

Fedha, na anayeuliza

Hapa maelezo si marefu, kwa kuwa kanuni zinajulikana. Fedha za huduma kwa jamii ziwe na akaunti yake, na zisikopwe kulipia paa la kanisa hata kwa wiki moja. Watia saini wawe wawili wasio na undugu. Mkaguzi atoke nje. Mshahara wa mchungaji upangwe na watu ambao yeye hawezi kuwaondoa kwenye nafasi zao, naye asiwepo kikaoni. Anayesema mambo hayo ni kukosa imani anafaa kukumbushwa kwamba Paulo, akipeleka mchango wa makanisa Yerusalemu, alisafiri na wajumbe waliochaguliwa na makanisa yenyewe, akaeleza kwamba anataka kukwepa lawama.

Na tumrudie Cho. Februari 2014 mahakama ya Seoul ilimtia hatiani kwa kulisababishia kanisa hasara ya won bilioni 13 hivi, kupitia ununuzi wa hisa za mwanawe kwa bei iliyozidi sana thamani yake sokoni. Alipewa kifungo kilichoahirishwa. Mtu yuleyule aliyekubali kuachia uangalizi wa mamia ya maelfu ya watu kwa wanawake wa vikundi vya nyumbani hakuwa ameachia mfuko. Vikundi havikuweza kumwokoa, kwa sababu havikuundwa ili kumuuliza yeye maswali. Viliundwa ili kuwatunza washirika. Kanisa linaweza kuwa na mgawanyo mzuri wa kazi chini na lisiwe na hata mtu mmoja juu anayeweza kusema "hapana, mchungaji".

Akiondoka

Kanisa la Mars Hill, Seattle, lilianza mwaka 1996 na kukua hadi kuwa na vituo zaidi ya kumi katika majimbo kadhaa, ambavyo kwa kiasi kikubwa vilimtazama mhubiri mmoja, Mark Driscoll, kwenye skrini. Oktoba 2014 alijiuzulu baada ya uchunguzi kuhusu namna alivyowatendea waliokuwa chini yake. Kufikia mwisho wa mwaka huo taasisi ilikuwa imevunjwa. Vituo vingine vikawa makanisa huru, vingine vikafungwa. Redeemer, kwa upande wake, lilijiandaa kwa miaka. Keller alipoacha uchungaji mkuu mwaka 2017, kanisa liligawanywa kuwa makusanyiko matatu yenye wachungaji wao, waliokuwa wameshahubiri humo muda mrefu. Hakuna aliyeuliza nani atavaa viatu vyake, kwa sababu viatu vilikuwa vimeshagawanywa.

Baraza la wazee linalotaka kujua lipo upande gani lina kipimo kisicho na gharama kubwa. Mpeni mchungaji likizo ya miezi mitatu yenye malipo, na muahidiane kwamba simu haitapigwa. Kisha wekeni kumbukumbu. Ni maziko mangapi yaliyofanyika na nani aliyaongoza? Hundi za mwezi zilitoka kwa wakati, au kuna saini moja tu inayotambuliwa na benki? Mgonjwa aliyelazwa alitembelewa siku ya ngapi, na aliyemtembelea aliambiwa na nani? Mgao wa chakula ulitoka kwa siku yake, na wale wasio washirika walipata? Sadaka ilishuka kwa kiasi gani? Ikishuka kidogo ni kawaida. Ikishuka kwa nusu, basi washirika wamekuwa wakimtolea mtu, na mchungaji mwenyewe anapaswa kuwa wa kwanza kuonyeshwa hesabu hiyo siku anaporudi.